Msiba wa Kujitakia Una Kilio?



 

Mhariri aliniomba makala juu ya haki za mgonjwa kwa ndugu zake Waislamu. Nilianza kuiandika kama tunavyoziandika siku zote, haki sita za Muislamu kwa Muislamu mwenzake, nikashindwa kuendelea. Kuna mgonjwa mmoja aliyenikaa kichwani. Ni Mama Mkubwa wangu, dada wa mama yangu mzazi. Mwaka jana aliniuliza swali la fiqhi kwa simu, nikamjibu kwa dakika mbili, na kesho yake jibu langu lilimpasua mshono. Ameniruhusu niandike kwa sharti kwamba jina lake lisitajwe.

Sisi asili yetu ni Buyenzi, Bujumbura. Tulivuka mwaka 2015, tukafikia Nakivale, wilaya ya Isingiro, kambi iliyoanza na wakimbizi wa Rwanda mwishoni mwa miaka ya 1950 na ambayo leo ina Wakongomani, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda na Waethiopia, wote wakigombana kwa Kiswahili kwenye bomba la maji. Mama Mkubwa alikuwa mnene tangu nimjue. Kule Buyenzi alikuwa anauza vitenge, na unene wake ulikuwa sehemu ya biashara, kwani mteja humwamini mwenye duka aliyeshiba. Huku Ankole nako jambo hili si geni. Wazee watakusimulia jinsi mabinti wa Kihima walivyokuwa wakinyweshwa maziwa kwa miezi kabla ya ndoa ili wanenepe, maana bibi harusi mwembamba alikuwa aibu ya nyumba ya baba yake.

Kukonda nako kuna historia yake. UKIMWI ulipoingia upande wa Rakai, wilaya inayopakana na Isingiro, miaka ya 1980, watu waliuita silimu kwa jinsi ulivyomkausha mtu, na madaktari walipoutolea taarifa mwaka 1985 walitumia jina hilohilo la wananchi. Kwa hiyo Mama Mkubwa alipoambiwa kituo cha afya kwamba ana kisukari na presha, na kwamba kilo 124 zitamuua, akaacha soda na chapati, akapunguza posho, akawa anatembea kila siku baada ya Alfajiri mpaka kufikia kilo 77, hakuna jirani aliyempongeza. Walimwangalia tu. Halafu mwaka 2023 WFP ikapunguza mgao, na watu wengi Nakivale wakakonda bila kutaka. Yeye alikonda kwa kutaka. Kwa kuangalia kwa macho huwezi kutofautisha.

Lakini ngozi haikukonda. Ngozi iliyovutwa kwa miaka ishirini hairudi. Daktari alitueleza kwamba nyuzi zake za ndani, zile zinazoifanya ijirudi kama mpira, huwa zimekatika, na hakuna mafuta ya kupaka wala mazoezi yatakayoziunga. Ikaning'inia kutoka kitovuni hadi mapajani. Chini ya mkunjo ule jasho halikauki, na joto la nyumba ya turubai mchana mnalijua. Fangasi wakaingia, ngozi ikachubuka, na kidonda cha mwenye kisukari hakina haraka ya kupona. Kulikuwa na harufu. Naliandika hili kwa idhini yake, kwa sababu bila harufu hamtaelewa kwa nini aliacha kwenda darsa ya wanawake.

Mwanawe wa kwanza, aliyehamishiwa Marekani kwa mpango wa makazi mapya, alilipia upasuaji. Hospitali siitaji. Kazi yenyewe ni hii: daktari hukata kutoka nyonga hadi nyonga chini ya kitovu, huondoa ngozi iliyozidi pamoja na mafuta yaliyoshikana nayo, kisha huvuta ngozi ya juu kuja chini na kushona. Si upasuaji wa kupunguza uzito. Uzito unatakiwa uwe umekwisha kupungua na kutulia kwa miezi kadhaa kabla.

Nilikuwa likizo, nikawa muuguzi wake siku kumi na mbili za mwanzo, sehemu kubwa katika chumba cha kuazima Kakoba, Mbarara, ili tuwe karibu na hospitali. Alitoka na mirija miwili iliyokuwa ikitoa maji mekundu kwenye chupa ndogo. Mwili uliokatwa eneo kubwa namna ile hutoa majimaji, na yasipopata njia hujikusanya chini ya ngozi. Nilikuwa nayapima asubuhi na jioni na kuandika kiasi nyuma ya daftari langu la Usuul al-Fiqh. Alitembea ameinama kama anayetafuta sindano sakafuni, kwa sababu kunyooka kunavuta mshono. Hata hivyo siku ya kwanza tu walimwinua kitandani atembee, kwa hofu ya damu kuganda miguuni na kupanda hadi mapafuni. Alifungwa mkanda wa kubana tumbo, usiku na mchana, wiki sita. Asibebe kitu kinachozidi kilo tano, wiki sita pia. Jerikani moja ya maji ni kilo ishirini. Kuchuchumaa chooni hakuwezi, kwa hiyo fundi mmoja wa Kisomali alimtobolea kiti cha mbao, na kiti kile kilimfaa kuliko dawa nyingine zote. Ale mayai, maharagwe na samaki, maana nyama mpya haijengwi kwa posho tupu. Sukari ipimwe kila siku. Uvimbe, tuliambiwa, utakaa miezi. Chini ya kitovu hatahisi kitu, huenda hisia zikarudi, huenda zisirudi zote. Kovu litakuwa gumu na lenye rangi kali kwanza, halafu litalainika taratibu kwa mwaka au zaidi.

Ambalo hatukuambiwa ni wiki ya pili. Wiki ya pili alilia. Mirija imetoka, maumivu yamepungua, na yeye analia, anasema amejikata bure, anasema tumbo limevimba kuliko la zamani. Baadaye muuguzi mmoja alinieleza kwamba hali hiyo huwapata wengi baada ya upasuaji mkubwa, wakati ambapo mwili umechoka na matokeo bado hayaonekani. Mimi nilidhani ni udhaifu wa imani. Nilimsomea aya za subira. Nikarudi chuoni.

Siku ya kumi na tano alilazimika kurudi Nakivale, kwa sababu siku ya uhakiki mwenye kadi anatakiwa aweke kidole mwenyewe. Saa mbili ndani ya taksi, sehemu kubwa barabara ya vumbi, ameshikilia mto tumboni. Na nyumbani hakuna aliyekuja kumjulia hali. Wanawake ambao angeumwa malaria wangejaa mlangoni na uji, safari hii walipita njia. Mmoja alisema, kwa sauti ya kusikika, kwamba msiba wa kujitakia hauna kilio. Mwingine akaongeza la dini: amebadilisha umbo la Allah, na sasa anajifanya mgonjwa, anaswali ameketi kama ajuza.

Hilo la kuketi ndilo lililomfanya anipigie simu. "Baba, wewe ndiye unayesoma. Hii swala yangu ya kwenye kiti inapokelewa?"

Nilikuwa nimetoka kwenye mhadhara wa qawaid siku ileile, kichwa kimejaa. Nikamwambia kwamba katika madhhab yetu ya Kishafii kuna kanuni isemayo rukhsa haziambatanishwi na maasi. Aliyesafiri kwa ajili ya kwenda kuiba hapunguzi swala. Basi kama upasuaji ulikuwa wa matibabu, aswali ameketi bila wasiwasi. Kama ulikuwa wa urembo, jambo ni jingine. "Nia yako unaijua wewe, Mama." Nilijisikia mwanachuoni. Nilifurahi hata kwamba sikumhukumu, nimemwachia mwenyewe.

Angekuwa mwongo, jibu langu lisingemdhuru. Angejiambia ilikuwa matibabu tu, akaendelea na kiti chake. Lakini ni mkweli. Alikaa usiku ule akaitafuta nia yake, akakuta vidonda vimo, na harufu imo, na kumo pia kule kutamani kuvaa dira bila kuficha tumbo na kujiona mtu tena kwenye kioo. Akaona nusu ya nia si safi. Kesho yake Magharibi alisimama, akarukuu, akasujudu sijda kamili, paji la uso ardhini. Rakaa ya pili mshono ukaachia katikati, upana wa vidole vitatu. Alimaliza swala. Alirudishwa Mbarara usiku kwa gari la kukodi, na kidonda kile kiliachwa kijazike chenyewe kutoka ndani, kikioshwa na kufungwa kila siku, wiki saba.

Mwalimu wetu mmoja hapa chuoni, nilipomsimulia, hakunikemea. Aliniuliza tu: "Ulimuuliza kama anaweza kusujudu, au ulimuuliza kwa nini alipasuliwa?"

Nimeishi na swali hilo tangu siku ile.

Kanuni niliyoitaja ni ya kweli, imo vitabuni, ingawa wenzetu wa Kihanafi hawakubaliani nayo na wao humruhusu hata msafiri wa maasi kupunguza. Kosa langu lilikuwa kuichukua kanuni bila kusoma ukurasa wa pili. Maana mafaqihi haohao wa Kishafii waliuliza: mtu akijirusha kutoka juu, akavunjika mguu, akaswali ameketi, je, atalipa swala zile? Kauli sahihi kwao ni kwamba halipi. Wakauliza tena kuhusu mwanamke aliyejisababishia kuharibika kwa mimba, akaingia katika nifasi. Hata yeye halipi swala za siku za nifasi yake. Kujirusha ni dhambi, na Allah atamuuliza. Lakini kutoweza kusimama si dhambi. Ni hali ya mguu. Msafiri mwizi amenyimwa rukhsa kwa sababu safari yenyewe, inayozaa rukhsa, ndiyo maasi, na akitaka anaweza kuiacha na kurudi nyumbani. Aliyevunjika mguu atarudi wapi?

Hapa naona kuna jambo pana kuliko swala. Tunapomwona mtu anaumwa, tunataka kwanza kujua historia ya maumivu yake. Tukikuta yamemjia, tunampelekea uji. Tukikuta ameyafuata, tunamkalia kikao. Mwili ulio mbele yetu ni uleule, kidonda ni kilekile, lakini tunadhani historia inabadilisha kile tunachodaiwa. Sheria, kwa nilivyoielewa, imetenganisha milango miwili. Kuna mlango wa kitendo: je, alikuwa na haki ya kukifanya? Na kuna mlango wa hali: sasa anaweza nini? Imran bin Husayn, aliyekuwa na bawasiri, alipomuuliza Mtume (S.A.W.), aliambiwa aswali amesimama, asipoweza aketi, asipoweza alale ubavu. Kipimo ni kuweza. Katika riwaya hiyo ya Bukhari hakuna swali lolote juu ya chanzo cha ugonjwa.

Na ipo hadithi nyingine, amepokea Abu Daud kutoka kwa Jabir, ambayo sikuweza kuisoma kwa sauti darasani. Mtu alipasuliwa kichwa kwa jiwe safarini, akaota usiku akapatwa na janaba, akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hana, maji yapo. Akaoga, akafa. Mtume (S.A.W.) alipopata habari aliwatamkia kwamba wamemuua, na akauliza kwa nini hawakuuliza ikiwa hawajui. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wanaijua kanuni. Wanachuoni wa hadithi wana maneno juu ya baadhi ya sanadi zake, na wengi wetu tutakimbilia hapo, lakini maana yake haihitaji sanadi kumchoma mtu kama mimi.

Sasa ule mlango wa kwanza. Nisijifanye kwamba haupo. Je, alikuwa na haki ya kukatwa ngozi yake?

Majirani walitumia maana ya aya ya 119 ya Suratun Nisaa, ambapo Shetani anaahidi kuwaamrisha watu wabadilishe maumbile ya Allah, na hadithi ya Ibn Mas'ud juu ya wanawake waliolaaniwa kwa kuchanja na kutenganisha meno kwa ajili ya uzuri. Hoja hizi ni nzito. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 18 huko Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, lilizipa uzito: upasuaji wa kutafuta uzuri tu, usio na tiba ndani yake, halikuuruhusu. Lakini liliruhusu kuondoa kasoro na madhara, kurudisha umbo katika hali yake, na hata kupunguza mafuta kwa upasuaji pale uzito unapokuwa ugonjwa na hakuna njia nyingine, kwa sharti la usalama. Vidonda vya Mama Mkubwa vinaingia hapo bila kusukumwa.

Tatizo ni ile nusu ya nia. Hapa namkumbuka Arfaja bin As'ad. Alikatwa pua katika vita vya Kulab zama za Jahiliya, akajitengenezea pua ya fedha, ikaanza kumnukia, na Mtume (S.A.W.) akamwamuru atengeneze ya dhahabu, juu ya kuwa dhahabu imeharamishwa kwa wanaume. Pua ya chuma haivuti pumzi wala hainusi. Kazi yake kubwa ni uso: mtu akutane na watu bila wao kugeuka pembeni. Kama kutaka kutazamika kama binadamu ni uchafu wa nia, Arfaja asingeruhusiwa. Naona kuna tofauti kati ya kutaka kupendeza kuliko wengine na kutaka kuacha kuwa kichekesho, ingawa nakubali mpaka huo ni mwembamba na kila mtu atadai yuko upande wa pili.

Na umbo lipi alilolibadilisha? Lile la miaka kumi na tisa, kabla ya unene? La kilo 124? Au ile ngozi iliyoning'inia, ambayo haikuwepo miaka mitatu iliyopita? Wanaosema amebadilisha umbo la Allah wamechagua siku moja ya maisha yake wakaifanya ndiyo asili. Urwa bin Zubayr, mmoja wa mafaqihi saba wa Madina, alikubali kukatwa mguu ulioliwa na ugonjwa, na tunasimulia kisa chake kwenye hotuba kama kilele cha subira. Sijasikia khatibu akisema maumivu yake yalikuwa ya kujitakia, ingawa alitoa mguu mwenyewe ukakatwa.

Kwa hiyo siamini tena kwamba aliyechagua kisu hana ujira wa subira. Mwiba unaomchoma Muislamu humfutia dhambi, na Mtume (S.A.W.) hakutenga aliyechomwa njiani na aliyeingia porini kutafuta kuni kwa hiari yake. Pengine hata kinyume chake. Aliyejichagulia hana wa kumlalamikia, na kila usiku wa maumivu analazimika kuubeba uamuzi wake pamoja na kidonda. Kilio cha wiki ya pili kilikuwa hicho, na mimi nikamsomea aya kana kwamba anamkufuru Allah.

Hoja moja bado inanishinda, nayo ni ya fedha. Jirani mmoja, mama wa watoto watano aliyeondolewa kwenye mgao, hakusema lolote la kubadilisha umbo. Aliniuliza tu upasuaji uligharimu kiasi gani. Sikumtajia. Najua kwamba mwana ana haki ya kumtibu mama yake kabla ya jirani, na najua mpangilio wa nafaka vizuri. Lakini yule mama alikuwa amekaa kwenye kizingiti chetu, na miguu ya mtoto wake ilikuwa imevimba, na jibu la kitabuni halikutoka mdomoni. Mama Mkubwa mwenyewe ndiye aliyeinuka, ameinama vile anavyotembea, akamfungia mayai sita kati ya yale aliyoandikiwa na daktari.

Yule mama alirudi siku ya pili kuteka maji. Aliteka kwa wiki zote saba, jerikani mbili asubuhi, hakuna aliyemwomba.

Sasa kidonda kimefunga. Kovu ni pana pale katikati, na bado gumu. Anasujudu mwenyewe, polepole, mkono mmoja tumboni kwa mazoea. Wiki iliyopita alinipigia, anataka kujua kuhusu funga ya Ramadhani na vidonge vya kisukari vya asubuhi na jioni. Nilimwambia anipe siku mbili niwaulize mwalimu na daktari.

Akanipa tatu.